Uliwahi Kuona? Upasuaji wa Konea kwa Mtu Mzima Aliyezaliwa na Ukungu Machoni

Katika chumba cha daktari wa macho, mgonjwa na daktari huwa na maswali mawili yasiyofanana. Mgonjwa ni mtu mzima aliyetoka Mbagala, Tandika au Bunju. Ameamka alfajiri, amebadilisha magari mawili akiongozwa kwa mkono na dada yake, na swali lake ni moja: “Daktari, nikifanyiwa upasuaji nitaona?” Daktari, kabla ya kulijibu, humrudishia swali jingine: “Uliwahi kuona?”

Mara nyingi mgonjwa hana jibu la hakika. Anachojua ni kwamba nyumbani wamekuwa wakisema macho yake yalikuwa meupe tangu utotoni. Hapo ndipo simu hupigwa kwa mama au bibi aliyebaki kijijini, aulizwe: je, mtoto huyu alizaliwa na ukungu machoni, au uliingia baadaye, baada ya surua au homa? Neno la bibi huyo laweza kuamua mengi kuliko mashine nyingi za hospitali. Makala haya yanaeleza kwa nini ni hivyo, upasuaji wa konea unaweza kumpa nini mtu mzima aliyezaliwa na kasoro hiyo, hauwezi kumpa nini, na kwa nini mtoto aliyezaliwa wiki hii akiwa na ukungu machoni hapaswi kusubiri hata kidogo.

Kioo cha mbele cha jicho

Konea ni utando mwangavu ulio mbele kabisa ya jicho, unaofunika mboni na sehemu yenye rangi inayoizunguka. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita, na upana wake kwa mtu mzima hukaribia milimita 12. Licha ya wembamba huo, konea ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga ili ukusanyike juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Konea hubaki angavu kwa sababu tatu: haina mishipa ya damu, nyuzi zake zimepangwa kwa utaratibu, na upande wake wa ndani una safu ya seli zinazofanya kazi kama pampu, zikitoa maji yasijae ndani yake. Seli hizo zikipungua kupita kiasi, konea huvimba na kufifia, mithili ya kioo cha dirisha kilichopata mvuke. Kwa binadamu seli hizo hazizaliani upya kiasi cha kuziba pengo, na ndiyo maana hakuna dawa ya matone, ya dukani wala ya mitishamba, inayoweza kuzirudisha.

Kasoro za konea za kuzaliwa nazo ni za namna nyingi. Kuna watoto ambao katikati ya konea yao haikuumbika sawasawa tumboni mwa mama, na nyuma yake sehemu yenye rangi au lenzi imegandana nayo; madaktari huita kasoro hiyo kwa jina la Peters. Kuna ambao konea yao imechanganyika na sehemu nyeupe ya jicho hata mpaka kati ya viwili hivyo usionekane. Kuna wanaorithi udhaifu wa zile seli za pampu kutoka kwa baba na mama wote wawili, na uwezekano huo huongezeka pale wazazi wanapokuwa ndugu wa damu. Kuna wenye uvimbe mdogo wa asili ya ngozi ukingoni mwa konea. Rubela inayompata mama katika miezi ya kwanza ya ujauzito nayo yaweza kuacha alama machoni mwa mtoto.

Kisha kuna presha ya macho ya kuzaliwa nayo, ambayo hupotosha watu kwa namna ya pekee. Shinikizo ndani ya jicho changa hulitanua, na kwa muda mtoto huonekana kuwa na macho makubwa ya kupendeza. Majirani humsifia mama, ilhali mtoto anatokwa machozi, anaukimbia mwanga, na konea yake inaanza kuwa na rangi ya kijivujivu. Sifa hizo zimewachelewesha wazazi wengi.

Si kila weupe ni wa kuzaliwa nao

Wengi wanaoambiwa kwamba walizaliwa hivyo hawakuzaliwa hivyo. Nchini Tanzania makovu ya konea yalitokana kwa miaka mingi na magonjwa ya utotoni. Madaktari Allen Foster, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma, na Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 utafiti wa watoto 130 wa Kitanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Asilimia 37 ya vidonda hivyo vilihusiana na surua iliyowapata watoto muda mfupi kabla. Upungufu wa vitamini A, virusi vya hepesi na dawa za kienyeji zilizowekwa machoni vilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu.

Watoto wa kizazi hicho sasa ni watu wazima. Baadhi yao wanaishi Temeke na Kinondoni, wakiwa na makovu meupe machoni na historia isiyoandikwa popote. Kwa jicho la mpita njia, kovu la surua na kasoro ya kuzaliwa nayo vyaweza kufanana kabisa. Kwa daktari tofauti yake ni kubwa. Aliyepata surua akiwa na miaka 6 aliwahi kuona nyuso, rangi, ngazi na njia. Ubongo wake ulishajifunza kazi hiyo. Aliyezaliwa na ukungu mzito hakuwahi kujifunza.

Jicho hupokea, ubongo ndio unaoona

Tumezoea kudhani kwamba jicho huona kama vile dirisha linavyoingiza mwanga: ondoa pazia, chumba kitaangaza. Ukweli una hatua moja zaidi. Jicho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara. Ubongo ndio unaozipanga ishara hizo na kusema, huu ni uso, ile ni ngazi, lile ni gari linalokuja. Kazi hiyo hujifunzwa, na muda wake mkuu wa kujifunza ni miezi na miaka ya mwanzo ya maisha.

David Hubel na Torsten Wiesel walilithibitisha hilo kwa majaribio yaliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Waliwafunga paka wachanga jicho moja katika wiki za mwanzo za maisha, wakalifungua baadaye. Jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini sehemu ya ubongo iliyopaswa kulitumikia ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na jicho la pili. Kwa binadamu kipindi hicho ni kirefu kuliko cha paka, lakini kanuni ni ileile. Jicho lisilotumika utotoni huitwa jicho vivu, na uvivu huo umo ubongoni.

Kisa kinachofundisha zaidi juu ya upasuaji wa konea kwa mtu mzima ni cha Mwingereza aliyejulikana katika maandiko ya kitaalamu kwa herufi za S.B. Alipoteza kuona akiwa na umri wa miezi kama 10. Alikua, akasoma katika shule ya wasioona, akawa fundi hodari, mtu mchangamfu anayejitegemea. Akiwa na miaka 52, kati ya Desemba 1958 na Januari 1959, alipandikizwa konea mpya katika macho yote mawili. Mwanasaikolojia Richard Gregory na mwenzake Jean Wallace walimfuatilia na kuchapisha habari zake mwaka 1963.

Mambo waliyoyaona yalikuwa ya ajabu kwa pande zote mbili. S.B. aliweza kusoma saa ya ukutani mara moja, kwa sababu kwa miaka mingi alizoea kupapasa mishale ya saa yake ya mfukoni. Aliweza kusoma herufi kubwa, kwa kuwa shuleni alifundishwa kuzitambua kwa vidole zikiwa zimechongwa. Herufi ndogo, ambazo hakuwahi kuzigusa, zilimshinda. Alipooneshwa mashine ya kukerezea vyuma, chombo alichokuwa akikitamani maisha yake yote, hakuielewa mpaka aliporuhusiwa kuipapasa. Vidole vyake ndivyo vilivyoyafundisha macho yake.

Lakini nyuso hazikumwambia kitu. Barabara aliyokuwa akiivuka kwa ujasiri akiwa na fimbo ilianza kumtisha alipoyaona magari. Jioni alikaa gizani bila kuwasha taa. Yule aliyeheshimiwa kwa uhodari wake akiwa haoni, sasa alijiona dhaifu miongoni mwa wanaoona. Aliingiwa na huzuni, na mwaka 1960 akafariki. Konea zake mpya zilifanya kazi. Kilichokosekana ni maandalizi, na watu wa kumsindikiza baada ya siku ya kufunguliwa bandeji.

Matumaini yenye kipimo

Kisa hicho kisichukuliwe kuwa hukumu kwa kila aliyechelewa. Nchini India, mradi wa Prakash ulioanzishwa na mwanasayansi Pawan Sinha umewatibu watoto na vijana waliozaliwa bila kuona na kufuatilia namna wanavyojifunza kuona. Mwaka 2011 timu yake ilichapisha matokeo ya vijana 5 wenye umri kati ya miaka 8 na 17. Wanne walikuwa na mtoto wa jicho wa kuzaliwa naye, na mmoja ukungu wa konea. Mara baada ya upasuaji hawakuweza kulinganisha kwa macho kitu walichokipapasa kwa mikono. Waliopimwa tena baada ya siku chache walikuwa wamepiga hatua kubwa. Ubongo uliochelewa kufunguliwa mlango bado unaweza kujifunza sehemu ya kazi yake.

Kwa hiyo jibu la swali la mgonjwa wetu huangukia katika makundi, na mhudumu wa afya anapaswa kuyaeleza bila kuficha wala kukatisha tamaa.

Aliyewahi kuona vizuri hadi umri wa kwenda shule, kisha konea ikapata kovu, ana nafasi nzuri zaidi ya kunufaika, iwapo sehemu za nyuma ya jicho ni nzima.

Aliyezaliwa na ukungu hafifu, kiasi cha kutambua rangi, vidole au sura ya mtu aliye karibu, ubongo wake ulipata masomo, ingawa ya kuibia. Wengi wa wale waliorithi udhaifu wa seli za pampu huwa katika kundi hili, na upandikizaji waweza kuwaongezea uoni wenye manufaa hata ukubwani.

Aliyezaliwa na ukungu mzito katika macho yote mawili, na macho yanachezacheza bila kutulia, asitarajie kusoma gazeti wala kutambua nyuso kama wengine. Anachoweza kupata, jicho lake likiwa na afya kwa nyuma, ni mwanga ulio bora, rangi, mwendo wa vitu, kivuli cha mtu mlangoni, na ukingo wa barabara. Kwa mwenye kuona, mambo hayo ni madogo. Kwa mtu anayetembea peke yake kutoka Rangi Tatu hadi Charambe jua linapozama, kuutambua ukingo wa mtaro si jambo dogo.

Kabla ya kukubali upasuaji

Safari nzuri huanzia karibu na nyumbani. Wakazi wa Temeke na Kinondoni wanazo hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala, ambazo zaweza kuwapeleka mbele, kwa mfano Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, au CCBRT, Msasani. Mgonjwa aende na kadi zake zote za zamani, na kama inawezekana aongozane na mtu aliyemfahamu tangu utotoni.

Konea iliyofifia humzuia daktari kuona ndani, kama vile inavyomzuia mgonjwa kuona nje. Kwa sababu hiyo vipimo hutangulia. Daktari humulika taa kutoka pande mbalimbali na kumwuliza mgonjwa mwanga unatoka wapi. Anayezitambua pande zote vizuri huleta matumaini kwamba retina inafanya kazi. Mawimbi ya sauti hutumika kutazama kama retina imebanduka. Presha ya jicho hupimwa, kwa kuwa konea mpya katika jicho lenye presha isiyotibiwa ni mbegu iliyopandwa juu ya mwamba. Machozi, kope na uso wa jicho navyo huchunguzwa.

Baada ya hapo ndipo aina ya upasuaji huchaguliwa. Upandikizaji wa konea nzima huondoa kipande cha duara cha katikati na kuweka kingine kutoka kwa mtu aliyefariki, kikashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Upasuaji huo ulifaulu kwa mara ya kwanza Desemba 1905, pale Eduard Zirm alipomtibu kibarua wa miaka 45 aliyeunguzwa macho na chokaa, katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Siku hizi, ugonjwa ukiwa katika safu moja tu, daktari anaweza kubadilisha safu hiyo peke yake: za mbele kwa mwenye kovu la juu, ya ndani kwa mwenye udhaifu wa pampu. Kadiri kinachobadilishwa kinavyokuwa kidogo, ndivyo hatari ya mwili kukikataa inavyopungua. Kwa wale ambao konea za kupandikizwa zimekataliwa mara kwa mara, ipo konea bandia ya plastiki, ambayo hudai uangalizi wa maisha yote.

Ipo pia njia isiyohitaji konea ya mtu mwingine. Ukungu ukiwa katikati tu na pembeni kukabaki kuangavu, daktari anaweza kukata sehemu ndogo ya utando wenye rangi na kuipanua mboni kuelekea upande ulio mwangavu. Mgonjwa hupata dirisha la pembeni. Upasuaji huu ni mfupi, hauna hatari ya kiungo kukataliwa, na hauhitaji miaka ya matone. Kwa mgonjwa anayeishi mbali au asiyeweza kurudi kliniki mara nyingi, huenda ndio ukawa chaguo la busara. Wahudumu wanaotoa rufaa wakumbuke kumweleza mgonjwa kwamba njia hii ipo.

Konea hutoka kwa jirani aliyefariki

Konea haitengenezwi kiwandani. Hutolewa na binadamu aliyefariki, ndani ya saa chache baada ya kifo, kwa ridhaa. Uso wa marehemu hauharibiki, na mazishi yanaweza kuendelea kwa utaratibu wake. Aliyevaa miwani maisha yake yote anaweza kutoa. Mzee anaweza kutoa. Damu hupimwa ili kuepuka virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kisha konea huhifadhiwa katika maji maalumu yenye ubaridi kwa muda unaofikia wiki 2.

Upungufu wake ni mkubwa duniani kote. Uchunguzi wa hali ya mwaka 2012, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 walikuwa wakisubiri konea, na kwamba konea iliyopatikana ilikuwa moja kwa kila 70 zilizohitajika. Zaidi ya nusu ya watu wote duniani waliishi mahali ambapo huduma hiyo haipatikani. Katika ukanda wetu, Ethiopia ilianzisha benki yake ya macho Addis Ababa mwaka 2003, na jijini Nairobi Hospitali ya Macho ya Lions iliyoko Loresho ina benki ya macho. Pasipo na benki ya namna hiyo, hospitali hutegemea konea zinazosafirishwa kutoka nje, na mgonjwa hutegemea bahati ya foleni.

Benki ya macho huanza na mazungumzo kabla ya kuanza na majokofu. Familia iliyofiwa haiwezi kuamua vyema katika saa za kwanza za msiba iwapo jambo hilo halikuwahi kutajwa marehemu akiwa hai. Wahudumu wa afya, masheikh, mapadri na wachungaji wana nafasi ya kulizungumza mapema, kwa lugha ya heshima, ili kila mtu aulize maswali yake kabla ya siku ya huzuni.

Baada ya bandeji kufunguliwa

Mgonjwa huambiwa siku ya upasuaji ni moja, uangalizi ni wa miaka. Matone ya steroidi hutumika kwa miezi mingi, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka, na hayaachwi kwa sababu jicho limetulia. Nyuzi hutolewa kidogo kidogo. Presha ya jicho hupimwa tena na tena, kwa kuwa matone yenyewe yanaweza kuipandisha.

Dalili nne zafaa kukaririwa na mgonjwa pamoja na kila mtu wa nyumbani mwake: jicho kuwa jekundu, mwanga kuliumiza, uoni kurudi kuwa na ukungu, na maumivu. Mojawapo ikitokea, mgonjwa arudi kliniki siku hiyohiyo. Mwili unaoanza kukataa konea mara nyingi hutulizwa ukiwahiwa. Ukiachwa wiki moja, konea yaweza kupotea. Nauli ya safari hiyo ya dharura ni sehemu ya matibabu, na ni vyema iwekwe kando nyumbani kabla ya upasuaji kufanyika. Vumbi la barabara, moshi wa kuni, cheche za uchomeleaji na mkono wa mtoto mchezoni ni hatari kwa jicho lililoshonwa. Miwani ya kinga na ngao ya usiku si mapambo.

Upande wa pili wa matunzo ni kujifunza. Mtu aliyeishi miaka 30 kwa vidole na masikio asinyang'anywe vidole na masikio yake. Aendelee kupapasa huku akitazama: ashike kikombe akikiangalia, aguse ukuta akiukaribia, ajifunze ngazi moja ya nyumbani kwake mpaka aizoee, kisha ya jirani. Fimbo nyeupe isitupwe siku ya kufunguliwa bandeji. Nukta nundu isiachwe kabla ya maandishi ya kawaida kupatikana. Ndugu wasimkusanyie wageni wa kumwuliza “Mimi nani?” kwa kumwonesha nyuso, kwani jambo hilo laweza kuwa la mwisho analoliweza. Wenzake wa Chama cha Wasioona Tanzania wabaki kuwa wenzake.

Wako pia watakaosikia maelezo haya yote na kuchagua kubaki walivyo, wakiwa na kazi, familia na njia zao walizozizoea. Huo ni uamuzi wa mtu mzima, na mhudumu auheshimu sawa na uamuzi wa kukubali kisu.

Mtoto wa leo

Yote yaliyosemwa juu ya mtu mzima ni hoja ya kumwahi mtoto mchanga. Kwa mtoto, saa ya ubongo inahesabu kwa wiki. Upandikizaji wa konea kwa mtoto ni mgumu na hukataliwa mara nyingi zaidi kuliko kwa mtu mzima, lakini presha ya macho hupasuliwa mapema, dirisha la mboni hufunguliwa mapema, miwani na zoezi la kuziba jicho lenye nguvu huanza mapema, na hapo ndipo uoni huokolewa.

Dar es Salaam imekwisha kuwa mahali pa kujifunza jambo hili. Mwaka 2014, Dkt. Milka Mafwiri wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na wenzake walichapisha utafiti juu ya kuingiza huduma ya macho ya watoto katika kliniki za afya ya uzazi na mtoto jijini. Kabla ya mafunzo, wahudumu wengi walikuwa na ujuzi mdogo wa magonjwa ya macho ya watoto. Baada ya mafunzo, ujuzi huo uliongezeka. Mahali ambapo kila mama hupita na mtoto wake ndipo panapofaa kuwa kituo cha kwanza cha macho.

Kinachotakiwa hakihitaji mashine kubwa. Macho ya mtoto yasafishwe mara anapozaliwa na kutiwa mafuta ya tetrasaiklini. Muuguzi amulike kila jicho kwa tochi: je, konea zote mbili ni angavu, zina ukubwa sawa, mboni ni nyeusi? Mtoto anayetokwa machozi daima, anayeukimbia mwanga, mwenye macho makubwa kupita kawaida, au mwenye weupe wowote, apewe rufaa wiki hiyohiyo, hata kama mama anasema “bibi yake alisema utaondoka wenyewe.” Chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania ilianza kuitoa kwa pamoja mwaka 2014, ikamilishwe katika miezi 9 na 18. Vitamini A ya kila miezi sita isikosekane. Maziwa ya mama ni chakula cha mtoto na yasidondoshwe machoni, wala dawa ya mitishamba.

Na kuna jambo moja la mwisho, dogo, linalogharimu wino tu. Muuguzi anayeona ukungu katika jicho la mtoto aandike kwenye kadi ya kliniki: jicho lipi, ukungu wa namna gani, tarehe ipi. Asiyeona kitu aandike vilevile kwamba macho yote mawili yalikuwa angavu. Kadi hizo hutunzwa na akina mama kwa miaka mingi, zikikunjwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Siku mtoto huyo atakapokuwa mtu mzima, akaketi mbele ya daktari wa macho na kuulizwa kama aliwahi kuona, jibu lake litakuwa limeandikwa.